Skripti za Ruta: Cha Bure, cha Kulipia na cha Kuanzia

Mtoa huduma mdogo wa intaneti, awe Likoni, Mbagala au Kisumu, huanza na ruta moja juu ya paa na wateja wachache wa mtaani. Biashara ikikubali, ruta zinafika 40. Siku moja anataka kubadili seva ya DNS kwenye zote, au kuzima telnet iliyoachwa wazi na fundi aliyemtangulia. Akiingia moja moja kwa Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, kila ruta ikamchukua dakika 10, hiyo ni saa 6 na dakika 40 ya kubofya. Ruta ya 27 huenda akairuka kwa uchovu, na asijue kwamba ameiruka.

Madhara ya kuchelewa yalionekana mwaka 2018. MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimejaa kwa watoa huduma wadogo wa Afrika Mashariki, ilitoa mwezi Aprili sasisho la kuziba udhaifu kwenye huduma ya Winbox. Miezi michache baadaye ruta zaidi ya laki moja duniani zilikuwa zimevamiwa na kugeuzwa mitambo ya kuchimba sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya wateja. Dawa ilikuwepo tayari. Ila mwenye ruta 40 na mikono miwili hakuifikisha kwa wakati.

Kwa hiyo swali la kama ujifunze kuandika skripti halina mjadala mrefu. Swali lenye uzito ni utumie nini, na pesa yako iende wapi. Jibu langu ni hili: programu zenyewe usizilipie. Pesa ya kwanza iweke kwenye mahali pa kufanyia mazoezi, na saa zako za kwanza ziweke kwenye bakapu. Sababu zangu ni hizi.

Maabara: hapa ndipo pesa inapoanza kutofautiana

Usijifunzie kwenye ruta zenye wateja. Ukishakubali sharti hilo, una njia nne za kupata maabara, na tofauti ya bei kati yake ni kubwa.

Ya kwanza ni bure kabisa. MikroTik hutoa toleo la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta zake, linaloitwa Cloud Hosted Router, au CHR, unaloliwasha kama mashine pepe ndani ya VirtualBox kwenye laptop yako. Leseni yake ya bure haina mwisho. Kikwazo ni kwamba kasi ya kutuma imebanwa kwenye Mbps 1 kwa kila poti. Kwa anayejifunza skripti kikwazo hicho hakina uzito, maana amri za usanidi ni maandishi machache. Laptop yenye RAM ya GB 8 inabeba CHR tatu au nne bila shida. Kasi kamili inahitajika ukitaka kuitumia kazini, na leseni ya P1, inayofikisha Gbps 1, bei yake rasmi ni dola 45 unazolipa mara moja.

Ya pili ni kununua ruta halisi. Kwa upande wa MikroTik, hAP lite ndiyo ya bei ya chini, pungufu ya dola 30 kwa bei ya kiwandani. Lakini soma karatasi yake kabla ya kutoa pesa: ina RAM ya MB 32 na hifadhi ya MB 16, na RouterOS 7 inajibana humo kwa taabu. hEX mpya, ile yenye namba E50UG, ni dola 60 hivi, nayo ina RAM ya MB 512 na hifadhi ya MB 128. Kwa atakayeitumia miaka kadhaa, nyongeza hiyo inajilipa. Dukani mjini utaongezewa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, kwa hiyo uliza maduka mawili matatu.

Anayelenga kazi kwenye benki au shirika lenye vifaa vya Cisco huvutwa na ruta za mtumba. Hapo kuna mtego mmoja unaojulikana na mafundi wa zamani. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe na aandike `show version`, kisha utazame jina la faili la IOS, mfumo wa Cisco. Likikosa herufi `k9`, ruta hiyo haina usimbaji, maana yake haina SSH, na ukiiandikia skripti italazimika kupita telnet, ambako nywila husafiri wazi. Hata iuzwe kwa bei gani, iache. Kumbuka pia kwamba ruta hizi za kabatini zina feni zenye kelele na zinakula umeme kuliko ruta ndogo ya nyumbani.

Njia ya tatu ni viigaji. Packet Tracer ya Cisco ni ya bure kwa aliyejisajili Networking Academy, na kwa kujifunza misingi ya ruta na swichi ni chombo kizuri sana. Kwa skripti ina upungufu: ruta zake za kuigiza hazifikiki kwa SSH kutoka kwenye terminali ya kompyuta yako, hivyo Python uliyoisakinisha haitazigusa. GNS3 na EVE-NG toleo la jumuiya pia ni bure na zinafikika, ila zinakutaka ulete mwenyewe faili za mfumo wa Cisco, na faili hizo kihalali hupatikana kwa mwenye mkataba au leseni. Zinazosambazwa kwenye makundi ya Telegram ni za wizi, na hujui zimetiwa nini. Asiyetaka kero hiyo awashe CHR ndani ya GNS3, au atumie Containerlab pamoja na SR Linux ya Nokia, ambayo hutolewa bure.

Ya nne ni Cisco Modeling Labs. Hii inakuja na mifumo halali ya Cisco ndani yake. Toleo la kibinafsi ni dola 199 kwa mwaka, na tangu mwishoni mwa 2024 kuna toleo la bure lenye kikomo cha vifaa vitano. Kwa anayeanza, vitano vinatosha. Usilipie la mwaka mpaka siku utakapokwama kwa kukosa kifaa cha sita.

Zana: zote ni bure, ila hazidai muda sawa

Zana ya karibu kabisa imo ndani ya ruta yenyewe. RouterOS ina lugha yake ya skripti na ratiba ya kuziendesha. Mstari mmoja unatosha kuifanya ruta ijitolee nakala ya usanidi kila siku:

`/system scheduler add name=bakapu interval=1d on-event="/export file=bakapu"`

Huhitaji kompyuta wala kusakinisha chochote, na jioni moja inatosha kuijua. Udhaifu wake ni kwamba nakala inabaki kwenye ruta ileile. Radi ikipiga mnara, ruta na bakapu vinaungua pamoja. Tena lugha hiyo ni ya MikroTik peke yake. Ukihamia Huawei au Juniper umeiacha mlangoni.

Hatua inayofuata ni Bash na SSH kwenye Linux. Unaweka anwani kwenye faili, unazungusha kitanzi, amri inatumwa kwa kila ruta. Kwa aliyezoea terminali ni kazi ya dakika chache, na kwa amri moja isiyo na majibu marefu inafaa. Inachosha pale ruta inapojibu kitu usichokitarajia, kwa sababu Bash haijui ruta ni nini.

Python pamoja na maktaba ya Netmiko ndiyo njia ninayompendekezea mtu wa kawaida. Netmiko iliandikwa na Kirk Byers, ni chanzo huria, na inafahamu tabia za vifaa vya kampuni nyingi: inajua Cisco inangoja alama gani, MikroTik inajibuje, Juniper inathibitishaje mabadiliko. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Malipo yake ni muda. Asiyewahi kuandika programu ahesabu wiki kadhaa za saa moja moja kabla ya kuona matunda. Lakini muda huo haupotei, maana Python hiyohiyo utaitumia kupanga ripoti za wateja au kusoma faili la malipo.

Ansible ilianza mwaka 2012 na sasa iko chini ya Red Hat. Toleo la chanzo huria halilipiwi. Kinachouzwa kwa usajili ni Ansible Automation Platform, ambayo mwenye ruta 40 haihitaji. Uzuri wake ni kwamba huandiki hatua, unaandika hali unayoitaka, na kwa moduli zinazoruhusu unaweza kuiendesha kwa `--check` ikuoneshe kitakachobadilika bila kubadili kitu. Ugumu wake ni mambo mawili: kompyuta inayoiendesha haiwezi kuwa Windows tupu, lazima Linux, Mac au WSL, na mafaili yake ya YAML huvunjika kwa nafasi moja iliyokosewa mwanzoni mwa mstari. Kwa ruta zenye usanidi unaofanana ni zana nzuri mno. Kwa ruta ambazo kila moja ilisanidiwa na fundi tofauti, itakutesa kabla ya kukusaidia.

Wapo watakaokushauri uruke haya yote ununue mfumo unaoendeshwa kwa kubofya. UniFi na Omada wana programu za kusimamia vifaa vyao unazoziweka bure kwenye kompyuta yako, na kwa hoteli au shule yenye vifaa vya kampuni moja ni chaguo la busara. Hasara yake ni kufungwa kwenye kampuni hiyo. Meraki ya Cisco ni jambo jingine: huendi popote bila leseni, na katika mfumo wake wa miaka mingi, leseni ikiisha na siku 30 za neema zikapita, vifaa huacha kupitisha mtandao. Biashara yenye mapato ya msimu isiingie humo bila kupiga hesabu ya miaka mitano.

Skripti ya kwanza isome, isiandike

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Hamu ya kubadili kitu kwenye ruta zote kwa mpigo ni kubwa, lakini skripti ya kwanza yenye thamani ni ile isiyobadili chochote: inapita kila ruta, inachukua usanidi, inauhifadhi kwenye kompyuta yako. Hii hapa kwa Netmiko, karibu nzima:

    from getpass import getpass
    from netmiko import ConnectHandler

    nywila = getpass("Nywila: ")
    for mstari in open("ruta.txt"):
        anwani = mstari.strip()
        ruta = ConnectHandler(device_type="mikrotik_routeros",
                              host=anwani, username="msomaji",
                              password=nywila)
        usanidi = ruta.send_command("/export", read_timeout=60)
        with open(anwani + ".txt", "w") as faili:
            faili.write(usanidi)
        ruta.disconnect()

Itazame kwa makini. Nywila haikuandikwa ndani ya faili. `getpass` inaiuliza kila mara. Muda wa kungoja umewekwa sekunde 60 kwa sababu Netmiko isipoambiwa hungoja 10 tu, na ruta ndogo yenye sheria nyingi za firewall huweza kuchukua zaidi ya hapo kutoa `/export`. Kuna pengo moja nimeliacha makusudi ulizibe mwenyewe: ruta moja ikiwa imezimika, skripti yote inasimama hapo. Kujifunza `try` na `except` ndilo somo lako la pili.

Mtumiaji `msomaji` naye anahitaji uangalifu. RouterOS ina kundi tayari linaloitwa `read`, na jina lake linamfanya mtu aamini halina madhara. Kundi hilo linaruhusu pia kuwasha ruta upya. Tengeneza lako, lenye ruhusa mbili tu:

`/user group add name=msomaji policy=ssh,read`

Halafu kuna siri za wateja. Kwenye RouterOS 6, `/export` ya mtumiaji mwenye ruhusa ya `sensitive` hutoa nywila za PPPoE zikisomeka wazi asipoongeza `hide-sensitive`. Kwenye RouterOS 7 mambo yamegeuzwa: siri zinafichwa mpaka uandike `show-sensitive`. Maana yake ni mbili. Ukiwa na toleo la 6 na ruhusa hiyo, folda yako ya bakapu ni hazina ya wezi, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu. Ukiwa na la 7, nakala yako haitarudisha nywila za wateja siku ruta ikifa. Kwa hiyo weka na `/system backup save` yenye nywila, ukijua kwamba faili hilo limekusudiwa kurudishwa kwenye kifaa kilekile, wakati lile la maandishi linakusaidia kuhamia kifaa kingine na kulinganisha leo na jana.

Asiyetaka kuandika hata mistari hiyo atumie Oxidized. Ni ya bure, inapita kwenye ruta kwa ratiba, na inahifadhi kila badiliko kwenye Git ili uone ni mstari gani ulibadilika na siku gani. Ila itakutaka uwe na kompyuta ya Linux isiyozimwa.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka kwa karibu saa sita. Wahandisi wa Facebook walieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, na zana iliyopaswa kuizuia amri ya namna hiyo ilikuwa na hitilafu. Skripti inazidisha mkono wako mara 40, na inazidisha kosa lako mara hizohizo. Ukikosea anwani moja kwenye firewall, unajifungia nje ya ruta zote kwa sekunde chache, kisha unapanda pikipiki kwenda kuzifungua mnara kwa mnara. Nauli, mafuta na wateja waliohama ndiyo bei ya skripti isiyo na kinga.

Kinga zenyewe ni bure na zimo ndani ya ruta. RouterOS ina Safe Mode: bonyeza Ctrl na X kabla ya kubadili kitu, na muunganisho wako ukikatika ruta inarudisha ilivyokuwa. Kwenye Cisco, andika `reload in 10` kabla ya kazi. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 ruta inajiwasha upya na usanidi wa zamani, mradi hukuuhifadhi mpya. Kazi ikienda vizuri, `reload cancel`. Juniper ndiyo iliyolitengeneza vizuri zaidi: `commit confirmed` hungoja dakika 10 uthibitishe, la sivyo inarudi nyuma yenyewe bila kuzima. Zizoee kwenye maabara mpaka vidole vizijue. Kisha hata skripti iliyopimwa iendeshe kwanza kwenye ruta moja ya kweli, halafu tatu, halafu zilizobaki, na wakati wa usiku ambapo wateja ni wachache.

Jambo jingine la kufunga mapema ni milango. API ya RouterOS hupita poti 8728 bila usimbaji na 8729 ikiwa na TLS, na kuanzia toleo la 7.1 kuna REST. Zote zina manufaa, lakini hakuna sababu hata moja ziweze kufikika kutoka intaneti nzima. Zifungulie anwani ya kompyuta yako ya usimamizi pekee, kupitia VPN kama WireGuard, ambayo nayo imo ndani ya RouterOS 7 bila malipo.

Mafunzo na vyeti

Kitabu cha Al Sweigart, Automate the Boring Stuff with Python, kinasomeka bure kwenye tovuti yake, na kinamfaa asiyewahi kuandika programu. Sura za mwanzo, za kitanzi, orodha na mafaili, ndizo unazozihitaji kwa ruta.

Mtihani wa CCNA ni dola 300 kabla ya kodi. Asilimia 10 ya mada zake ni otomatiki na uandishi wa programu. Kwa anayetafuta ajira, cheti hicho kinafungua milango. Kwa mwenye biashara yake anayetaka tu ruta zake zitulie, dola 300 ni hEX tano. Usichanganye haja hizo mbili.

Mifuko mitatu

Usiye na kitu cha kutoa: laptop uliyonayo, VirtualBox, CHR tatu, Python na Netmiko. Gharama yako ni bando. CHR ni nyepesi, lakini ukitaka na Linux, faili la Ubuntu Server linapita GB 2, kwa hiyo lipakue usiku au kwenye Wi-Fi ya chuo. Mwanafunzi asione njia hii ni ya maskini. Ndiyo njia ninayompa hata mwenye pesa aanzie.

Mwenye dola 100 na ruta zenye wateja: hEX moja ya mazoezi na hAP lite moja, bei ya kiwandani. Zifanye zifanane na mtandao wako. hEX ikuwakilishie ruta ya kati, hAP lite ikuwakilishie ile ndogo ya nyumbani kwa mteja, na kila skripti ipite hapo kabla ya kwenda mnarani. Siku ruta ya kazini ikiungua, hEX hiyo ndiyo akiba yako, hivyo pesa haikukaa bure.

Mwenye dola 500 na nia ya kuajiriwa: mtihani wa CCNA kwa 300 na Cisco Modeling Labs kwa 199, jumla 499. Ila anza na toleo la bure la vifaa vitano, ulipie la mwaka ukibakiza miezi michache ya mtihani, la sivyo nusu ya usajili itaisha ukiwa bado unajifunza kitanzi.

Kwa mtoa huduma mdogo ninayemwandikia hasa, uamuzi wangu ni mfuko wa kati: Netmiko kwa zana, hEX kwa maabara, na kwa miezi miwili ya kwanza skripti zinazosoma tu. Bakapu ya ruta zote 40 ikishakaa kwenye kompyuta yako kila asubuhi bila ruta hata moja kurukwa, na umeshajaribu kurudisha moja ikakubali, hapo una haki ya kuandika skripti ya kubadili. Kabla ya hapo, nunua muda wako kwa kusubiri.